Kilo Arobaini na Sita

Kazi yangu ilikuwa kupima watu. Nilipiga taipu, nilipokea simu na nilichemsha chai, lakini kilichonifanya niajiriwe ni mizani. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi iliyokuwa na ofisi ya mabati pembeni mwa uwanja wa ndege, upande wa Kipawa. Ndege zilikuwa tatu. Moja ilikuwa na injini mbili, na nyingine mbili zilikuwa na injini moja moja, viti sita ukimhesabu rubani. Mwenye kampuni alikuwa Mzungu wa makamo, rubani yeye mwenyewe, aliyekaa Msasani katika nyumba ya zamani yenye paa la makuti. Sote tulimwita Kapteni, na hata watu wa serikali walimwita hivyo hivyo.

Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia marobota ya mkonge. Kapteni aliipata kwa meneja mmoja wa shamba huko Korogwe, akaipaka rangi ya kijani, akaiweka mlangoni. Kila aliyetaka kupanda ndege yetu alisimama pale na viatu vyake, kofia yake na mkoba wake, mimi nikaandika. Wengi hawakupenda. Mtu mzima aliyezoea kufunguliwa milango haoni raha kusimama juu ya kibao mbele ya msichana wa Chang'ombe na kusomewa kilo zake. Wanawake waliniomba nisiseme kwa sauti. Baadhi ya mabwana walikuwa wanasimama kwa mguu mmoja, wakidhani mizani itadanganyika.

Kapteni alinifundisha karatasi ya uzito siku ya kwanza. Alisema Kiswahili cha mashambani, kile cha amri, ila siku hiyo alisema polepole. Aliniambia rubani haoni uzito, anauamini tu. Anachokiona ni karatasi. Nikikosea kwenye barua, barua itarudishwa na nitaiandika upya. Nikikosea kwenye karatasi hii, hakuna wa kuirudisha. Nilikuwa na miaka ishirini, nikaitikia ndiyo bwana, na kwa miaka zaidi ya kumi sikuandika namba hata moja isiyo ya kweli.

Miaka ile ya mwanzo tulipeleka kila aina ya watu. Mameneja wa mkonge, madaktari wa misheni, wawindaji waliokuja na bunduki kwenye masanduku marefu, mama mmoja wa Kigiriki aliyekodi ndege nzima kwenda kumtazama mwanawe shuleni Arusha. Tulisafirisha na maiti. Halafu wakaja wakubwa wapya, wa kwetu, waliokuwa wakienda mikoani kufungua shule na kukagua zahanati, na mimi nilifurahi kuwapima kwa sababu baadhi yao nilikuwa nimewaona wakitembea kwa miguu mtaani kwetu siku si nyingi zilizopita. Kapteni alipenda kukaa kwenye ngazi ya ofisi jioni na kuhesabu mambo yatakayokuja. Alisema nchi hii ni kubwa mno kwa barabara. Alisema baada ya miaka ishirini kila wilaya itakuwa na ndege yake, mwalimu wa Songea atapanda ndege kuja Dar kununua vitabu, mkulima atasafirisha nyanya, na ofisi yetu itakuwa ya ghorofa. Mie nilimwamini. Sote tulikuwa tunaamini mambo mengi wakati ule.

Likaja Azimio la Arusha. Mashamba ya mkonge yakataifishwa, mameneja wakaondoka na wake zao na mbwa wao. Baadaye uwindaji nao ukasimamishwa. Waliobaki kutukodi walikuwa ofisi za serikali na misheni, nao kwa kibali. Kila kitu kikawa na kibali: mafuta ya ndege, matairi, hata plagi. Fedha za kigeni za kuagizia vipuri zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo mafundi waliiweka ile ndege ya injini mbili juu ya mawe na kuanza kuinyofoa kidogo kidogo ili zile mbili ndogo ziishi. Mwaka mmoja baadaye moja ya zile mbili nayo ikapandishwa juu ya mawe. Ikabaki moja.

Sisemi haya kwa kulaumu. Baba yangu alikuwa mtu wa chama tangu siku za kadi za mwanzo na mimi nilikuwa nikiimba mikutanoni. Nasema tu kwamba nilichoka. Niliamka saa kumi alfajiri, nikatembea kutoka Chang'ombe hadi barabara ya Pugu kungoja pikapu ya kazini. Jioni nilishuka na kwenda moja kwa moja kwenye foleni ya sukari au sabuni, mara nyingine bila kujua mbele wanatoa nini. Nilishaachika, sikuwa na mtoto, na tulikaa mimi na baba katika vyumba viwili vya kupanga. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa Keko. Ni mtu wa kusini, wa vijiji vya nyuma ya Masasi, mfupi, mkavu, asiyesema sana.

Mama hakuwa nasi. Maisha ya mjini yalipokuwa magumu alirudi kwao kuangalia mikorosho, akasema atakaa msimu mmoja. Alipokuwa huko ikaja habari ya kuhamia vijijini. Nyumba yake ya shambani ikaachwa, naye akahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, mbali na mikorosho yake. Alitwambia hayo kwenye barua aliyoandikiwa na mwalimu. Mwishoni alisema kifua kinamsumbua.

Masika ya mwaka uliofuata ilinyesha mvua isiyopumua. Rufiji ikafurika, kivuko kikasimama, barabara ya kusini ikakatika kama ilivyokuwa kila mwaka, ila safari hii mapema zaidi. Meli ya Mtwara ilikuwa imeng'oa nanga juzi yake, na haingerudi kabla ya wiki mbili. Ndipo ikaletwa simu ya maandishi karakana kwa baba, maneno manne: Mke wako hoi. Njoo.

Nilimkuta ameketi kitandani kwake na karatasi ile imekunjwa mkononi. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema, bila kunitazama, "Wewe unasafirisha watu kila siku. Leo nakuomba unisafirishe na mimi."

Hakuwahi kuniomba kitu kabla ya hapo.

Ilitokea kwamba keshokutwa yake tulikuwa na safari ya Masasi. Maofisa watatu wa elimu ya watu wazima walikuwa wamekodi ndege kupeleka vitabu vya kusomea kwenye vijiji vipya, kwa kuwa mtihani wa kitaifa ulikuwa unakaribia na vitabu vilikuwa vimekwama Dar kwa ajili ya mvua. Watu watatu na rubani. Viti viwili wazi. Nilimwendea Kapteni. Akasema ndege ikishakodiwa si yake tena, nimwulize aliyekodi, na kama akikubali basi uzito ndio utakaosema. Nikampigia simu mkubwa wa wale maofisa. Alikuwa mtu mwema. Alisema, "Ndugu, mzazi ni mzazi. Mlete mzee."

Rubani wa safari hiyo alikuwa kijana wetu, Mwafrika wa kwanza kuajiriwa pale kurusha ndege. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole, aliyesomeshwa urubani nje ya nchi na akarudi na vitabu vingi kuliko nguo. Aliniita dada. Jioni ya kabla ya safari alikuja mezani kwangu akaniambia uwanja wa Masasi umelowa, ni udongo mtupu, na hataki kutua mzito. Akanipa kikomo: abiria na mizigo yote pamoja wasizidi kilo mia tatu na themanini. Nikapiga hesabu kwa namba nilizopewa kwenye simu, nikiweka na makadirio ya baba. Ikaja mia tatu na sabini. Nikaenda nyumbani nimetulia.

Asubuhi nilifika na baba kabla jua halijachomoza vizuri. Alivaa kanzu yake safi na koti la kazi juu yake, na kapu la ukili mkononi. Mvua ilikuwa imesita. Maofisa walifika saa moja, na nyuma ya gari lao niliona masanduku manne ya vitabu. Kwenye simu walisema mawili.

Niliwapima wote. Mkubwa wao alikuwa na kilo mia na nne, wale wawili sitini na nane na sitini na tatu. Kila sanduku la vitabu lilikuwa na kilo ishirini na nane. Mabegi yao, ishirini. Nikajumlisha bila baba, nikapata mia tatu na sitini na saba. Nikarudia. Nilimweleza yule mkubwa kwamba masanduku mawili yamezidi. Hakukasirika. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba usiku uliopita wamepata vitabu vya wilaya nzima ya pili, watu wamengoja tangu mwaka jana, na hawajui ndege nyingine watapewa lini. Vitabu ndiyo safari yenyewe, alisema. Akamtazama baba, akatazama chini. Niliona kwamba kama ningeshikilia angeshusha sanduku moja, na kwamba sanduku moja lisingetosha.

Baba alikuwa amesikia. Akasema, "Basi. Mie nitangoja meli."

"Panda kwanza nikupime," nikamwambia.

Sijui kwa nini nilisema hivyo, maana hesabu ilikuwa imekwisha kujulikana. Akapanda. Kilo hamsini na nne. Nilishtuka, kwa sababu nilimkumbuka mtu mwenye uzito zaidi. Nikachukua kapu nilipime peke yake, na kwa mazoea ya kazi nikalifungua kuona ndani kuna nini, maana wasafiri walikuwa wakificha mafuta ya taa. Kulikuwa na sukari kidogo kwenye karatasi, kipande cha sabuni, tasbihi, na chini kabisa kitambaa cheupe kipya, yadi nyingi, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Miaka ile kitambaa cheupe hukipati dukani. Baba alikuwa amekitafuta mahali, siku mbili zile, bila kuniambia, akakifunga kwa ajili ya mama.

Kapu lilikuwa na kilo tano. Jumla yote ikawa mia nne ishirini na sita. Zimezidi arobaini na sita.

Nilikaa mezani na kuchukua karatasi safi. Mkubwa wa maofisa nikamwandikia themanini na mbili. Kila sanduku la vitabu nikaliandikia ishirini na mbili. Wale wengine na baba nikawaandikia ukweli. Nikajumlisha: mia tatu na themanini kamili. Nimesikia watu wakisema walipofanya jambo baya walijiona kama si wao. Mimi nilijua kabisa ni mimi.

Rubani akaja, akaisoma, akaitia sahihi. Alimtazama yule bwana mnene akipanda, akatazama masanduku yakifungwa kamba, akatazama tena karatasi. Akaniangalia. Niliinamisha uso nikajifanya napanga kalamu.

Walipanda. Baba aliketi nyuma, kapu kwenye mapaja. Ndege ikaenda mbali zaidi ya kawaida kabla ya kuinuka. Niliihesabia taa za kando ya njia, na ilipita ile ambayo siku zote ilikuwa haifiki. Ikainuka, ikapita juu ya minazi ya Kipawa karibu kuigusa, ikageuka kusini na kupotea kwenye mawingu. Fundi aliyesimama karibu nami alisema leo injini ina uvivu.

Safari ya Masasi ilikuwa kama saa mbili. Rubani akishatua alikuwa anatuita kwa simu ya upepo, sauti yake ikija na mkoromo, na mimi nikaandika saa. Nilikaa mbele ya redio tangu saa tatu. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Kapteni alitoka chumbani kwake akasimama nyuma yangu, akasema mvua huharibu mawasiliano. Saa sita alikuja tena akasimama pale pale. Sikuweza kunywa maji. Nilifikiri juu ya watu watano ambao niliwapanga mwenyewe, kwa mkono wangu, na mmoja ni baba.

Habari ililetwa saa nane mchana na askari, kupitia simu ya polisi. Ndege ilitua Masasi, ikateleza, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia kwenye mtaro. Gurudumu la mbele limekatika, panga la mbele linalozungushwa na injini limejikunja. Watu wote wazima. Mmoja ana mchubuko wa paji la uso.

Kapteni alikaa chini. Kisha akaiomba karatasi ya uzito. Nikampa nakala. Aliisoma mstari kwa mstari, akanirudishia, akasema karatasi ni sawa, basi kijana ametua vibaya. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nikasikia simu inalia mezani, nikaipokea.

Ndege ile haikurudi. Panga jipya na gurudumu vilihitaji fedha za kigeni, na maombi yetu yakazunguka ofisi kwa ofisi miezi mingi. Wakati huo huo ukafanyika uchunguzi, wakaulizwa watu, ikaonekana uzito ulikuwa ndani ya kikomo, na rubani alisimamishwa leseni kwa uzembe wa kutua. Mie ndiye niliyepiga taipu barua ya kumpelekea.

Alirudi Dar baada ya wiki tano, kwa meli, na siku ya pili akaja Chang'ombe. Ilikuwa Jumapili mchana, magari hayatembei kwa ile amri ya kubana mafuta, kwa hiyo alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Ilala. Alileta salamu za baba. Nilimpa kiti uani, nikamwandalia chai ya rangi isiyo na sukari, na kabla hajainywa nikamwambia yote. Nilimwambia namba moja moja, ya kweli na ya uongo.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Dada, nilijua tangu hatujaacha lami. Ndege nzito inajisema yenyewe."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi.

"Niligeuka kumwangalia mzee. Alikuwa amelikumbatia lile kapu kama mtu aliyebeba mtoto. Nikasema kama itainuka, itainuka." Akanywa chai kidogo. "Mie nd'o rubani. Mwenye kuamua kuruka si wewe."

Nilitaka kwenda kusema kesho yake. Akanikataza. Alisema nikisema tutafukuzwa wawili badala ya mmoja, na yeye hana wazazi mjini, atapata pa kujishikiza. Alipoondoka nilibaki nimekaa pale mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepata msiba. Sikumtii kwa kuwa aliniomba. Nilimtii kwa kuwa ilikuwa rahisi, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikaendelea kwenda kazini kwenye ofisi isiyo na ndege, nikipiga taipu maombi ya vipuri, nikifuta vumbi mizani.

Baba alirudi kiangazi kilipoanza. Mama alikuwa amepona. Alimkuta hajitambui kweli, akakaa naye, akamnywesha uji na dawa za zahanati, na siku ya tisa mama akafumbua macho akauliza kama mikorosho imetoa maua. Siku alipoweza kukaa akalifungua kapu mwenyewe kutafuta sabuni, akakiona kile kitambaa. Baba alinisimulia hili huku akitazama ukuta. Mama alikipapasa, akakipima kwa mkono, akasema, "Umenikadiria mrefu." Wiki ile ile alifariki mzee mmoja katika nyumba ya tatu, na kijiji kizima hakikuwa na sanda. Wanawe walikuwa wanashona mifuko ya unga iwe sanda. Mama akakitoa. Yule mzee akazikwa nacho.

Sikumwambia baba jinsi alivyopata kiti. Nadhani alijua. Alikuwa amezoea kupima mbao kwa jicho.

Kampuni ilifungwa mwaka uliofuata. Kapteni alipata ruhusa ya kuondoka, na siku ya mwisho tulikuwa wawili tu ofisini, tunapanga mafaili kwenye masanduku. Alikuwa amezeeka ghafla, mashati yamempwaya. Alinishukuru kwa miaka yote. Akasema katika watu wote aliowahi kufanya nao kazi mimi ndiye ambaye karatasi zake hakuwahi kuzirudia. Hapo sikuweza tena. Nikamwambia.

Nilitegemea atasema yamepita. Hakusema. Uso wake ulibadilika rangi, akaweka chini faili alilokuwa ameshika. Kisha akavuta kiti mbele ya taipureta akaniambia, kwa kile Kiswahili chake cha amri, "Kaa. Andika." Nikaandika barua kwa idara husika, nikieleza nilichofanya, kilo kwa kilo, na kwamba rubani alipewa karatasi ya uongo. Nikatia sahihi. Akaisoma, akaitia kwenye bahasha, akaichukua mwenyewe. Mlangoni nilimpa mkono, hakuupokea. Alikuwa ameshika bahasha na mkoba, au labda hakutaka. Sijajua mpaka leo.

Niliitwa mbele ya ofisa, nikaonywa kwa maandishi na kuambiwa nisitegemee tena ajira ya mambo ya ndege. Nilikubali. Nikapata kazi ya taipu katika kiwanda kimoja hapa hapa Chang'ombe na nikaifanya mpaka kustaafu. Rubani alirudishiwa leseni baada ya miezi. Alikuja kunigombeza, akasema aliniambia ninyamaze, huku anacheka. Alirusha ndege za watu wengine kwa muda, halafu akaenda kufanya kazi nchi za kusini mwa Afrika, akaoa huko. Alinitumia kadi za sikukuu miaka kadhaa, zikakoma.

Sasa nina miaka zaidi ya themanini. Binti wa mdogo wangu amesomea biashara, na amepata kazi kwenye kampuni ya ndege za kukodi hapo uwanjani. Jumamosi akija kunisuka ananisimulia. Wateja wake ni watalii wanaopelekwa kwenye kambi za mbugani, watu wa migodi, wagonjwa wa kukimbizwa hospitali, na wakati wa uchaguzi wanasiasa na helikopta zao. Anasema zinakuja ndege ndogo za umeme zitakazopaa kutoka kwenye paa la nyumba, mtu wa Msasani atafika uwanjani bila kuonja foleni, na nyingine hazitakuwa na rubani. Anaongea haraka, macho yamemwaka. Namsikiliza. Nilishawahi kuambiwa habari za mwalimu wa Songea. Sikumwambia hivyo, kwa sababu huenda safari hii ikawa kweli, na kwa sababu kubishana kunachosha. Nilimwuliza tu kama mwalimu anaweza kukodi. Akacheka, akasema, "Mama mkubwa, hata mie siwezi."

Mwaka jana ndege yao ilikuwa inakwenda Mtwara tupu kuchukua watu, akaniombea kiti. Nilikuwa nataka kuyaona makaburi ya wazazi kabla magoti hayajanikatalia kabisa. Mpwa wangu akakaa pembeni yangu, akanifunga mkanda, akaniahidi kunionyesha Rufiji kutoka juu na daraja lake. Nakumbuka mlango ukifungwa na kijana wa mbele akitukaribisha. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nililala. Mpwa anasema hakuwa na moyo wa kuniamsha, nilikuwa nimelala kwa mdomo wazi kama mtu aliyetoka shamba.

Tulipotua alinigusa bega. Jua la Mtwara lilikuwa kali, na gari la kutupeleka Masasi lilikuwa linangoja kivulini. Nikaomba maji ya kunywa, nikakaa kidogo kwenye ngazi mpaka miguu ilipokubali.